Mkono wa Pamba kwenye Shamba la Hoho

Kabula mwanangu,

Salamu nitakupa kesho asubuhi tukiwa tumesimama uso kwa uso, kwa hiyo hapa naziruka. Umekwenda kumuaga bibi yako ng'ambo ya lambo, na ninavyomjua mama yangu, hajui kuaga kwa kifupi. Atakuweka mpaka jua liiname. Mama yako yuko jikoni anakukaangia karanga za safari. Mimi nimekaa kibarazani na karatasi nilizochomoa katikati ya daftari la mdogo wako, naandika kwa mwandiko huu ambao siku zote unasema kuku amepita juu yake. Vumilia tu, leo kuku ana neno.

Mambo ya sweta, ya baridi ya Arusha, ya kutopokea soda ya mtu usiyemjua ndani ya basi, mama yako ameyasema tangu Jumatatu na atayasema mpaka gari liwashwe. Siongezi hata moja. Mimi nina jambo moja. Nimekaa nalo zaidi ya mwaka, na nikikuacha uondoke bila kulijua nitakuwa nimekudanganya mara ya pili.

Ni habari ya shangazi yako Milembe.

Najua umeshakunja uso. Ulianza kuukunja hivyo ukiwa kidato cha pili na mimi ndiye niliyekufundisha, ingawa hukujua kwamba unafundishwa. Soma mpaka mwisho, halafu ukunje kwa mtu anayestahili.

Milembe ndiye dada yangu wa pekee. Amenifuata mimi kuzaliwa. Tulipokuwa wadogo tulichunga ng'ombe pamoja mpaka mpakani mwa Maswa, na yeye ndiye aliyekuwa anabeba michembe yetu kwenye kitambaa, kwa sababu mimi nikibeba nilikuwa naimaliza kabla ya saa nne. Unakumbuka michembe ya bibi yako, vile viazi vilivyokatwakatwa na kukaushwa juani? Vilikaa ghalani mwaka mzima na bado ukivipika vina utamu. Bibi alikuwa hachukui kila kiazi. Kilichochimbwa kikiwa na jeraha la jembe alikitupa kwenye sufuria tule siku hiyo hiyo. Nilimwona akifanya hivyo utoto wangu wote, na sikuwahi kumuuliza kwa nini. Ningemuuliza, labda leo nisingekuwa naandika barua hii.

Ulipofaulu kwenda sekondari tulikupeleka kwa shangazi yako Somanda, kule Bariadi mjini, kwa sababu kutoka hapa Mwamapalala shule uliyopangiwa ilikuwa mbali na wewe ulikuwa mwembamba kama ufito. Alikuwa na meza yake ya mboga sokoni Bariadi na vyumba viwili nyuma ya zile nyumba za kuelekea hospitali. Katika kimoja alilala na wewe. Kile kingine alihifadhia nyanya na vitunguu vyake. Ukija likizo, kila sentensi ilianza na "shangazi kasema". Shangazi kasema chai isichemshwe sana. Shangazi kasema nywele zioshwe Ijumaa. Nilikuwa nacheka, lakini ndani kwa ndani nilikuwa naona wivu, nakwambia ukweli. Mtoto wangu alikuwa na mtu mwingine wa kumnukuu.

Sasa twende kwenye mwaka wa hoho.

Mimi ni mtu wa pamba. Baba yangu alikuwa wa pamba, na wewe mwenyewe umekulia juu ya marobota. Mkono wangu huu unajua kazi moja tu ya kuvuna. Pamba ikishafunguka, unaingiza vidole, unakusanya, unavuta, nyuzi zinakuja zote na kikombe kinabaki kwenye mti. Nilikuwa sifikiki kwa kuchuma. Mama yako atakwambia kwamba alinikubali kwa sababu hiyo, ingawa siku hizi anakana. Basi mwaka ule niliona watu wawili watatu wa nzengo yetu, majirani wa hapa kijijini, wameanza bustani kando ya lambo, nikasema na mimi nijaribu pilipili hoho, nipumzike kidogo na pamba.

Ile bustani, Kabula, mpaka leo nikifumba macho naiona. Ulikuja likizo ya mwezi wa sita tukamwagilia pamoja, wewe na ile keni ya bluu iliyovuja, maji yanakulowesha gauni na wewe unacheka. Maua yale meupe madogo yalipotoka ulikuwa unayahesabu kila asubuhi kabla hujanawa uso. Ulinisalimu mimi baada ya kuyasalimu maua. Sijui kama nimewahi kuwa na mwezi mzuri kama ule. Nilikuwa na shamba jipya, mtoto yupo, mvua iliyopita ilijaza lambo, na ng'ombe walikuwa wazima. Nilidhani hoho zimeniletea bahati, nikataka ziwe nyingi na ziwe kubwa.

Hapo ndipo nilipoharibu, na sikuharibu mara moja.

Nilinunua mbolea nyeupe ya kukuzia, nikaimwaga. Mtu wa duka la pembejeo alinieleza kipimo cha kifuniko cha soda kwa mche, mimi nikaona kifuniko ni kitu cha kitoto, nikatumia kiganja. Nikarudia baada ya wiki mbili, nikarudia tena hoho zikiwa zimeshashika. Majani yakawa mapana, meusi kwa ukijani. Watu waliokuwa wanapitisha ng'ombe lamboni walisimama kuangalia, na mimi nilijitia kupalilia mahali pasipo na jani hata moja ili waendelee kuniangalia. Hoho zikavimba, laini, zinang'aa, ukiibonyeza moja kidole kinazama. Nilidhani huo ndio uzuri.

Kumwagilia nako nilifuata moyo. Siku nikiwa na nguvu namwaga mpaka matuta yanaogelea, siku nyingine nne nasahau kabisa kwa sababu kuna mnada au msiba. Baadhi ya hoho zikawa na kitako cheusi. Nilizitupa nikasema ni jua.

Halafu ikaja jioni ya kabla ya kuvuna. Hili nalisema kwa aibu. Unajua mchezo wa watu wa pamba, wa kuinyunyizia maji kidogo kabla ya kuipeleka kwenye mizani. Nimekukataza kuusema mbele ya wageni, lakini unaujua. Basi nami nikafikiri, kama pamba inakunywa maji ikawa nzito, hoho je? Jioni ile nilizimwagilia mpaka nikachoka mgongo. Asubuhi, umande ukiwa bado juu ya majani, niliingia na mkono wangu wa pamba. Nikashika, nikavuta. Nikashika, nikavuta. Vikonyo vilibaki kwenye miti, hoho zikaja tupu mkononi, nami nikajisifu kwamba namaliza tuta kabla mama yako hajamaliza chungu cha uji. Nikazitia kwenye magunia zikiwa na umande wake, nikazishindilia kwa goti kama ninavyoshindilia pamba. Wewe ulikuwa umesharudi shule. Ungekuwepo labda ungenizuia, au labda ungenishikia gunia, kwani ulikuwa mtoto na mimi ndiye baba.

Magunia yalikwenda kwa Milembe Somanda, kwenye kile chumba chake, yamsubiri mnunuzi wa Mwanza. Mnunuzi alisema kesho. Kesho akasema gari limeharibika. Siku ya pili shangazi yako alinipigia simu.

"Kaka, hizi hoho zimekuja zimechoka."

"Zimechokaje? Zimevunwa jana."

"Nimefungua gunia moja, zinatoa maji. Niache nizimwage sakafuni zipate hewa, nitoe mbovu."

"Funga gunia, Milembe. Usizichezee. Nimezihesabu kwa magunia, sitaki maneno."

Akafunga. Kumbuka hapo, Kabula. Yeye alitaka kuzifungua, mimi ndiye niliyemkataza.

Mnunuzi alikuja siku ya tano. Alifungua gunia la kwanza, akarudi nyuma hatua mbili, hakufungua la pili. Wewe ulikuwepo, ulitoka shuleni ukaikuta harufu ile. Ulinisimulia mwenyewe miaka baadaye kwamba ilikaa kwenye sare zako wiki nzima.

Siku iliyofuata Milembe alipanda bodaboda akaja mpaka hapa. Ilikuwa alasiri. Mimi nilikuwa nimekaa hapahapa nilipokaa sasa. Alikuwa na mfuko wa sokoni. Alipiga goti kama tulivyolelewa, akasema, "Mwadila, kaka." Mimi sikuitikia. Unaelewa hapo nimefanya nini? Kwetu hata mgomvi wako akikusalimia unamwitikia, unasema mhola, halafu ndio mnagombana. Mimi nilimwacha dada yangu pale chini kwenye vumbi na goti lake, nikatazama ng'ombe.

Aliinuka mwenyewe. Akatoa hoho kwenye mfuko, akazipanga juu ya kile kigoda. Tatu zilikuwa zangu. Alikuwa amezikata katikati kwa kisu, na kote palikuwa na kahawia kuanzia juu, pale kikonyo kilipotakiwa kuwa, inashuka ndani. Halafu akatoa nyingine mbili, ndogo, ngumu, zimenyauka kidogo ngozi lakini nzima.

"Hizi alinipa wifi siku ileile uliyoleta magunia," akasema. "Zile za miti yake minne ya nyuma ya jiko. Zililala chumba kimoja na zako, sakafu moja. Mbona hizi hazijaoza? Angalia juu hapa, kaka. Angalia tu."

Ile miti minne ya mama yako unaikumbuka. Alikuwa anaipa samadi ya zizini iliyokaa mpaka ikapoa, na maji ya kuoshea vyombo kila jioni, kidogo kidogo, hajawahi kuruka siku. Akitaka kupika anakata hoho kwa kisu na kikonyo chake kwa sababu anasema akiivuta anavunja tawi. Nilikuwa namcheka. Nilikuwa naziita hoho za kitoweo.

Jibu lilikuwa pale juu ya kigoda, Kabula. Dada yangu aliyeacha shule darasa la nne alikuwa ameniletea jibu lote mkononi. Na mimi sikuangalia. Nikasema, "Umeuza nzuri zangu mezani kwako, ukajaza magunia na uozo wa sokoni. Mjini kumekufundisha wizi."

Hakulia. Ningependa kukwambia kwamba alilia, ningejisikia mtu kidogo. Alizifuta zile hoho mbili za mama yako kwa khanga, akazirudisha kwenye mfuko wake, akasema, "Sawa kaka, lakini mtoto usimguse, ana mtihani." Akaondoka.

Mimi kesho yake nikaja kukuchukua.

Unajua upande wako wa siku ile. Nakupa wangu. Nilikodi bodaboda mbili. Wewe ulitangulia na godoro, mimi nikabaki nafunga sanduku lako kwenye ile ya pili. Milembe alikuwa amefua viatu vyako vya shule, vile vyeusi, ameviweka juu ya ukuta vikauke. Nilipoondoka, nilimsikia akiita. Niligeuza shingo nikamwona anakimbia barabarani peku, viatu vyako kimoja huku kimoja kule, anaita, "Kaka, viatu vya Kabula! Kaka!" Dereva akataka kusimama. Nikampiga begani nikamwambia endesha.

Ulipofika hapa ukauliza viatu viko wapi. Nikakwambia, "Kamuulize shangazi yako." Sikusema amevizuia. Nilisema vile tu, maneno matatu, nikayaacha yafanye kazi. Ukaenda shule ya kata niliyokuhamishia, wiki nyingi na kandambili zangu, mkuu wa shule akikusimamisha mstarini, na kila siku ukiamini kwamba shangazi aliyekusuka nywele miaka miwili amekunyima viatu vyako. Mama yako aliniambia neno moja tu siku ile: "Masunga, unajua unachofanya?" Halafu hakurudia. Unadhani mama yako ni mtu wa kusema mara kumi. Kwa mambo ya sweta ndiyo. Kwa mambo makubwa husema mara moja.

Kuna siku nyingine wewe labda umeisahau. Tulimpeleka mdogo wako hospitali pale Somanda, ile homa yake. Tukiwa tunatoka getini, Milembe alikuwa anakuja upande wetu na beseni la nyanya kichwani. Alikuona. Uso wake ulifunguka kabla hajajizuia. Na wewe ukanishika mkono ukanivusha barabara, upande wa pili, ukaangalia mbele. Ulinilinda, mwanangu. Ulikuwa unamlinda baba yako aliyeibiwa. Nikavuka nawe. Nimefanya makosa mengi kwenye maisha yangu, nimeuza ndama niliyetakiwa kumbakiza, nimemjibu baba yangu vibaya akiwa mgonjwa, lakini nikilala ni kile kivuko kinachonirudia.

Tangu siku hizo Milembe akija kumwona mama, anapita njia ya mnadani ili asikanyage mbele ya nyumba hii. Bibi yako hajawahi kuniuliza kwa nini. Anapokea watoto wake wawili kwa zamu.

Sasa nakuja kwenye mwaka jana, uliporudi na cheti chako cha kilimo, unatafuta kazi, ukaanza kuninyanyasa bustanini. Ilikuwa asubuhi, nimeingia kuchuma zile hoho chache tulizopanda, nimeshika ya kwanza. Ukanikamata mkono.

"Baba, usivute. Kata."

"Nimekuwa navuna tangu kabla hujazaliwa."

"Umekuwa unavuna pamba. Na ngoja umande ukauke kwanza." Ukachukua ile niliyokuwa nimeshaivuta, ukaniwekea mbele ya macho. "Hapa ulipovuta umeacha kidonda. Uozo unaingilia hapa. Ikiwa na kikonyo, mlango umefungwa."

Ukawa umeshapata moto, huzuiliki. Ukanieleza habari ya mbolea ya kukuzia ikizidi, kwamba hoho inanenepa kwa haraka, ngozi inakuwa laini, ndani maji matupu, ikifika ghalani inanywea siku ya pili na kuoza siku ya nne. Ukaeleza kwamba ikimwagiliwa sana jioni na kuvunwa asubuhi inakuwa imejaa mpaka ikigongwa kidogo inapasuka ndani na jicho halioni. Ukasema maji ya kukurupuka, leo mafuriko kesho kiangazi, ndiyo yanayoleta kitako cheusi. Kila ulichokitaja nilikifanya. Ulikuwa unanisomea mashitaka yangu moja baada ya jingine, na wewe hujui, unatabasamu, unafurahi kwamba mzee anasikiliza.

Nikakuuliza, "Kwa hiyo zikiozea ghalani, ghala halina kosa?"

 Ukasema, "Ghala linaweza kuharibu hoho nzuri, baba. Lakini haliwezi kuponya mbovu. Mwenye ghala anapokea alicholetewa."

Nikakwambia naenda kutafuta kamba ya ndama. Hapakuwa na ndama wa kufunga. Nilikwenda nyuma ya zizi nikakaa juu ya kile kipande cha mti, nikalia kama mtoto, na mbwa wetu Simba akaja kunitazama akaondoka.

Utauliza, mbona hukuniambia siku ileile? Nimejiuliza pia. Nilisema nitamwambia baada ya mavuno. Halafu nikasema baada ya kupata kazi. Ukweli ni kwamba ulikuwa umeanza kunipenda kwa namna mpya, kama mtu mzima anavyompenda mzazi wake, unanitania, unaniuliza mawazo yangu, na mimi niliogopa kuipoteza. Nilikuwa nimekunyang'anya shangazi, nikaona nisikunyang'anye na baba. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Kumbe niliyekuwa namtunza ni mimi.

Sasa unakwenda kwenye kazi hiyo ya ghala la mboga kule Arusha. Utakaa mlangoni na daftari lako, unapokea kreti za watu, na nyuma yako vile vyumba vya baridi ulivyonieleza. Nilipokusikia ukimweleza mama yako kazi yenyewe, niliinuka nikatoka nje. Nikasema, mwanangu anakwenda kukaa mahali pa Milembe. Watakuja watu wenye mkono kama wangu. Hoho zimechoka tangu shambani, nao watazishusha kwako zikiwa zinang'aa, na zikioza watasema wewe. Baadhi watakuita mwizi. Watakuwa na umri wa baba yako, na watakuwa na uhakika kama niliokuwa nao mimi.

Sina la kukufundisha kuhusu hoho, hilo unanizidi. Ninachokijua ni upande wa yule mtu anayepiga kelele mlangoni. Namjua vizuri. Hasira yake nusu ni hofu, kwa sababu ndani ya kichwa chake tayari anakumbuka jioni ile aliyomwaga maji mengi. Ukimwonyesha mbele ya watu atakataa mpaka kesho. Mimi nadhani, na sina uhakika, kwamba kama Milembe angeniacha siku tatu halafu akaniita pembeni, labda ningeangalia. Labda pia nisingeangalia. Halikuwa kosa lake kutafuta njia ya kunieleza, lilikuwa langu kutazama. Hata hivyo, wewe mwitikie salamu yake hata akiwa anafoka. Na likija shauri kwamba uondoe mbovu zipate hewa, na mwenye mali akakukataza kwa ukali, mkatalie. Dada yangu alinitii, na utii wake ndio niliomhukumia.

Leo asubuhi, ulipokuwa unafua, niliingia bustanini. Nilisubiri umande ukauke, nimekaa juu ya keni, nimechoka kusubiri kuliko ningevuna. Tangu wiki iliyopita nimekuwa nikizimwagilia kidogo kidogo kila jioni, na jana sikumwagilia kabisa. Uliniona ukaniuliza kama nimekuwa mvivu. Miti ile haijaonja mbolea nyeupe, ni samadi tu, mama yako ndiye aliyesimamia. Nikachukua kisu cha jikoni, nikakata hoho kumi na mbili, kila moja na kikonyo chake. Mkono ulikuwa unataka kuvuta. Mpaka leo unataka. Sikuzishindilia, nimezilaza kwenye tenga lile dogo, juu ya majani makavu. Ndilo hilo tenga ulilouliza mchana ni la nani, nikasema la mtu.

Ni la Milembe.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako uisome leo. Kesho tutatoka mapema kuliko tulivyopanga, nimeshamwambia wa bodaboda. Kabla ya stendi tutapita Somanda. Hujalazimika kushuka. Umelibeba kosa langu miaka yote hii kama lako, na kama miguu itakataa, kaa juu ya pikipiki, sitakulaumu. Lakini ukitaka kushuka, nakwambia tu kwamba mama yako anakutana naye sokoni mwaka hadi mwaka, na kila mara anauliza jambo lilelile: Kabula amefika wapi.

Kwa desturi yetu mdogo ndiye anayeanza kumsalimu mkubwa. Kesho nitaanza mimi. Nimeshajizoeza leo mchana huku nyuma ya zizi, mtu mzima na mvi zangu, mwangaluka Milembe, mwangaluka dada yangu, na sauti bado inakwama. Ikikwama kule mlangoni usinisaidie. Niache nikwame mpaka niimalize salamu.

Sijui kama atafungua. Akikataa ana haki, na wewe una basi la kuwahi. Nitaliacha tenga pale kizingitini, nitakusindikiza, halafu nitarudi nikae nalo. Sina haraka, na safari hii nimezikata vizuri, hazitaoza kabla hajafungua.

Baba yako,
Masunga